Hopetoun: Nyumba Yenye Nyuso Mbili

Ikitazamwa kutoka magharibi, nyumba hii ya Uskoti iliyo karibu na Edinburgh haina makuu. Huo ni mkono wa William Bruce, aliyeanza kuijenga mwaka 1699. Mwenyewe, Charles Hope, alikuwa bado kijana. Baba yake alikufa maji mwaka 1682 meli ya Gloucester ilipozama, hivyo mama, Lady Margaret, ndiye aliyesimamia mambo.

Mashariki ni habari nyingine. Kuanzia 1721 William Adam alijenga uso mpana wa mawe, akaongeza safu za nguzo zilizopinda, zikiunganisha nyumba kubwa na majengo mawili ya pembeni. Alikusudia pia baraza ya nguzo mlangoni. Alifariki mwaka 1748, na wanawe, John na Robert, wakamalizia kazi bila baraza hiyo. Pengine ni heri: uso ulikwisha kujaa.

Ndani, ngazi ya Bruce hupanda katika chumba cha pembe nane chenye kuta za mbao zilizochongwa maua na matunda. Vyumba vya fahari ni kazi ya ndugu John na Robert Adam. Mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru hapa, akamtunuku mchoraji Henry Raeburn cheo cha Sir.