Umri wa Tumbaku

Wazee wa pwani walikuwa na jina kwa kila kipande cha kiko. Bori ni kile kibakuli kinachotiwa tumbaku. Digali ni mti unaotoka kwenye bori kuingia majini. Kiko chenyewe ni kifuu cha nazi chenye maji. Shilamu ndiyo inayokwenda mdomoni. Na mbubujiko wa yale maji nao ukaitwa malio ya kiko. Watu wenye msamiati wa namna hii hawakuwa wageni wa tumbaku, wala hawakukosa la kusema ipi nzuri na ipi mbovu. Ndiyo maana hustaajabu nikisikia mtu wa leo akiona tumbaku iliyokaa miaka mingi na kukata shauri kwa neno moja: imepitwa na wakati, itupe.

Tumbaku haikuwahi kuwa kitu cha kuliwa kibichi kama embe. Tangu zamani ni mali ya kukaa. Richard Burton, Mwingereza aliyepita Pangani na milima ya Usambara mwaka 1857, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba Usambara ilikuwa ikipeleka Unguja tumbaku iliyotwangwa kwenye vinu vya mti, ikatengenezwa mikate myembamba ya duara, migumu, na kufungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Tazama akili iliyomo. Kutwanga na kubana hutoa hewa katikati ya majani, na jani la mgomba huzuia unyevu usikimbie haraka. Mkate ule ulikuwa na safari ya kushuka mlima kwa kichwa cha mtu, kungoja pwani, kisha kuvuka bahari kwa jahazi. Tumbaku isiyoweza kungoja isingefika kokote.

Ugenini nako swali la kama tumbaku iliyowekwa ghalani bado inafaa kuuzwa lilikuwa zito kiasi cha kutungiwa sheria. Katika koloni la Virginia, Marekani, sheria ya mwaka 1730 iliagiza kila pipa la tumbaku ya kupelekwa ng'ambo lipitie kwanza ghala la umma. Huko wakaguzi walilifungua, wakatazama na kunusa, na iliyokutwa mbovu ikachomwa moto. Mwenye nzuri alipewa hati, na hati ile ikawa kama fedha. Mtu aliweza kulipia kodi na madeni kwa karatasi inayosema ana ratili kadhaa ghalani. Wakulima wadogo hawakuipenda sheria hiyo, kwani wao ndio walioona jasho lao likigeuka moshi mbele ya macho yao. Mimi huwaelewa. Lakini pia namwelewa mkaguzi, maana fedha iliyoota kuvu si fedha.

Basi ni nini kinachotokea ndani ya tumbaku inapokaa? Jibu linategemea jani. Jani la aina ya Virginia, kama lile la Tabora na Urambo linalokaushwa kwa joto kwenye mabani, lina sukari nyingi. Likifungiwa mahali pasipoingia hewa mpya, na likiwa na unyevu wa wastani, yaani karibu asilimia 12 au 13, huendelea kuchachuka polepole sana. Ukali hupungua, rangi huingia weusi, na harufu huelekea kwenye matunda makavu. Jani la Latakia, linalofukizwa moshi wa kuni huko Syria na Cyprus, huenda njia nyingine: kwa miaka mingi ule moshi hufifia, na aliyeupenda huona ameibiwa. Tumbaku iliyotiwa manukato hupoteza manukato yake, kama kanga iliyofukizwa udi ikasahauliwa sandukuni. Nikotini ndiyo haina habari na miaka. Hubaki, na madhara ya moshi kwa mapafu hubaki vilevile. Anayesema tumbaku ya kale ni laini anazungumzia ulimi wake, hazungumzii kifua.

Nayajua haya kwa sababu ya sanduku la mjomba. Alikuwa karani katika shamba moja la mkonge upande wa Muheza, na meneja alipofunga virago baada ya mashamba kutaifishwa mwaka 1967, alimwachia makopo manane ya Capstan, tumbaku ya kiko ya Wills wa Bristol, kila kopo wakia mbili. Mjomba hakuyagusa. Alivuta tumbaku ya Kisambaa aliyonunua sokoni kila Jumamosi, akisema ile ya makopo ni ya siku ya wageni. Wageni wenyewe walikuja mara chache, nao hawakuvuta. Alifariki mwaka 2006 kwa maradhi ya kifua, na sanduku likabaki chini ya kitanda cha mkaza mjomba.

Mwaka 2008 alikuja mnunuzi wa vitu vya kale, akatoa bei ambayo ingetosha mabati kumi na mawili. Nyumba ilikuwa inavuja. Mkaza mjomba akaniita.

"Mwanangu, wewe msomaji. Hii inavutika au haivutiki?"

Tuliyatoa uani. Chumvi ya upepo wa bahari ilikuwa imefanya kazi yake: makopo matatu yalikuwa na kutu iliyotoboa, na ndani yake tumbaku ilikuwa vumbi, nyingine ina vitundu kama vya sindano. Hao ni wadudu wa tumbaku, ambao hupenda joto la kwetu kuliko watu wengi wanavyolipenda. Hayo matatu hayakuhitaji mjadala. Matano yalikuwa mazima, na kifuniko cha kila moja kimevutwa kwa ndani kidogo, alama kwamba hewa haijaingia. Moja tulilifungua. Lilitoa mlio mdogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema, na tukakutana na vipande bapa vilivyobanwa, vyeusi kuliko nilivyotarajia, vyenye harufu ya zabibu na nyasi kavu.

Juu yake palikuwa na vinyota vyeupe. Hapa wengi hutupa wasichopaswa kutupa, au huvuta wasichopaswa kuvuta. Kuvu lina manyoya kama pamba na hunuka uvundo wa ghala linalovuja. Likionekana, kopo zima ni la jalalani, si la kuchambuliwa. Vile vyetu vilikuwa chembe kavu zinazometa juani, hazina harufu. Jirani mmoja mzee, mvutaji wa miaka hamsini, alijaza kiko chake pasipo kungoja hukumu yangu. Alikaa kimya muda mrefu. "Imepoa," akasema. "Ya zamani ilikuwa inauma ulimi."

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza lilikuwa ndiyo. La pili, la kuuza, lilikuwa gumu zaidi. Najua kwamba Uingereza na Marekani wapo watu wanaotafuta makopo yaliyofungwa ya miaka ile, na kwamba kopo zima la Balkan Sobranie ya zamani hufika mamia ya dola. Capstan si ya daraja hilo. Tena kopo la miaka ya 1960 halina onyo lolote la afya, ilhali Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya Tanzania ya mwaka 2003 inadai onyo, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Niliona upo mlango: kuyauza kama kumbukumbu, kwa mkusanyaji ambaye hatayafungua. Nilimweleza hivyo, na bado naona hoja yangu ilikuwa na nguvu.

Mkaza mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. "Mnunuzi kanambia atawauzia wavutaji. Kilichomkohoza mjomba wako usiku kucha, mimi nilikuwa macho. Leo nimuuzie mume wa mwenzangu?"

Aliyafungua yaliyobaki mwenyewe. Makopo matupu matano mnunuzi aliyachukua kwa bei ya mabati matatu, akinung'unika, na mabati hayo yakafunika upande wa jikoni. Tumbaku aliiloweka kwenye ndoo usiku mmoja, akachuja, akanyunyizia vidukari kwenye kabichi changa, kama wafanyavyo wakulima wengi milimani. Nyanya na pilipili alinikataza nisizisogelee na ile ndoo, wala nisizishike kabla ya kunawa kwa sabuni, kwa sababu tumbaku hubeba ugonjwa wa batobato, na kirusi chake huweza kuishi ndani ya jani kavu kwa miongo mingi.