Mji wa bustani uliowasahau wakulima wake

Kabiro haimo katika Nairobi iliyochorwa mwaka 1948. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilichapisha mpango mkuu wa mji, kitabu kizima cha ramani na maelezo, na mpaka wa manispaa ulikoma kabla ya kufika huko. Ng'ambo ya mpaka ilikuwa Rizavu ya Wakikuyu: mahindi na viazi vitamu mlimani, nduma mtoni, mbuzi wakila popote palipo na majani. Waandishi wa mpango walitoka Afrika Kusini, nao ni mbunifu wa majengo L. W. Thornton White, mwanasosholojia L. Silberman na mhandisi P. R. Anderson. Waliwaza Nairobi ya mitaa midogo midogo, kila mtaa na shule yake, maduka yake na uwanja wake wa kuchezea, na kati ya mtaa na mtaa mikanda ya miti na nyasi. Ni ndoto nzuri, tena hata leo ukiisoma unaitamani. Lakini mkulima hayumo.

Ukitaka kujua alipopotelea, inabidi urudi nyuma kidogo, hadi kwa Ebenezer Howard. Mwingereza huyu hakuwa mbunifu wala mhandisi. Riziki yake aliipata kwa kuandika hatimkato Bungeni London. Mwaka 1898, wakati reli ya Uganda ingali njiani na Nairobi ni kinamasi tu, Howard alitoa kitabu chenye pendekezo la mji wa bustani. Hesabu yake ni ya kushangaza ukiilinganisha na yale yaliyofanywa baadaye kwa jina lake. Tafuta ekari 6,000, alisema. Mji ukae kwenye ekari 1,000. Ekari 5,000 zinazobaki ziwe mashamba, malisho na misitu ya kuulisha mji huo. Watu 30,000 waishi mjini na 2,000 mashambani. Na ardhi yote, ya mji na ya shamba, iwe mali ya wakazi kwa pamoja, ili kodi wanayolipa irudi kuwahudumia wao wenyewe badala ya kuishia mfukoni mwa landlodi.

Mji wa kwanza wa aina hiyo, Letchworth, ulianza kujengwa Uingereza mwaka 1903, na mmoja wa waliouchora ni Raymond Unwin. Ofisini kwa Unwin, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alifanya kazi kijana Mjerumani aliyeitwa Ernst May. May alikuja kupata sifa kwa nyumba za wafanyakazi alizojenga Frankfurt miaka ya 1920, akaenda kupanga miji katika Muungano wa Kisovieti, na alipotaka kuondoka huko Hitler alikuwa keshashika Ujerumani. Mwaka 1934 akaja Afrika Mashariki. Alinunua shamba karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi Nairobi. Jengo lake la Kenwood House katikati ya jiji ni la mwaka 1937. Katikati ya miaka ya 1940 alipewa kazi ya kuchora upanuzi wa Kampala, akaipanga mitaa mipya juu ya vilima na kuyaacha mabonde yawe ya kijani. Kwa hiyo wazo la Howard lilitufikia kwa njia inayojulikana, mkono kwa mkono.

Ila njiani mizigo miwili ilianguka: mashamba, na umiliki wa pamoja. Kilichowasili ni miti, nyasi, na nafasi kati ya nyumba na nyumba. Nayo nafasi ikapewa kazi ambayo Howard hakuiwaza. Mwaka 1913 daktari W. J. Simpson aliletwa kuchunguza afya ya miji ya eneo hili, baada ya Nairobi kupigwa na tauni, akashauri Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe kila kundi na makazi yake, kuwe na ardhi tupu katikati. Tangu hapo ukanda wa kijani Nairobi ukawa bustani na ukuta kwa wakati mmoja. Wapangaji wa 1948 walikwepa kuutaja ubaguzi kwa jina lake, lakini waliikuta mipaka hiyo na hawakuing'oa.

Hata miti yenyewe ilikuwa na bwana wake. Bustani ya miti tunayoiita Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, kwa sababu injini za reli zilikuwa zinakula kuni. Uzuri ulifuata baadaye. Miaka ya 1950 msimamizi wa bustani za jiji, Peter Greensmith, alizijaza barabara kuu bogenvilia na jakaranda, na sifa ya Nairobi kuwa mji wa kijani kwenye jua ikaenea kote. Sina ugomvi na jakaranda. Lakini jakaranda haiivi.

Kibera wakati huo ilikuwa na kijani cha namna nyingine. Wanajeshi Wanubi wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni, walianza kukaa katika msitu uliokuwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ikatangaza rasmi ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Nyumba zilijengwa kwa nafasi, kila moja na shamba lake, mahindi, miti ya matunda na mifugo. Ukiangalia kwa macho ya Howard, hiki ndicho alichokuwa akikitaka, kasoro hati ya ardhi. Hati hiyo Wanubi hawakupewa. Walihesabiwa kuwa wapangaji wanaokaa kwa hisani ya serikali, na mara kwa mara maofisa walijadili kuwahamisha. Ardhi ikamegwa kidogo kidogo, watu wa bara wakaja kutafuta kazi na vyumba, msitu ukaisha. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipokabidhiwa hati yake hatimaye, ilikuwa ya ekari 288.

Kawangware, ambako Kabiro ni mtaa mmojawapo na siku hizi ni wadi ya Dagoretti Kaskazini, ina historia tofauti kabisa, ingawa wageni huziweka Kibera na Kawangware kapu moja. Hapa wenyeji walikuwa na ardhi, na baada ya Hali ya Hatari ya miaka ya 1950 wakapata na hati. Mwaka 1963 mpaka wa Nairobi ulisukumwa mbali, Dagoretti yote ikaingizwa ndani. Watu walilala wakulima wakaamka wakazi wa jiji bila kuhama hata hatua moja. Shamba lilelile, ng'ombe yuleyule, ila sasa juu yao kuna kanuni za jiji.

Kanuni hizo hazikumpenda mkulima. Mahindi kando ya barabara yalifyekwa na askari wa kanjo yakiwa yamebeba, kwa maelezo kwamba yanaficha mbu na wezi. Mwaka 1985 taasisi ya Mazingira Institute ya hapa Nairobi ilifanya utafiti katika miji 6 ya Kenya na kukuta kuwa familia 29 katika kila 100 zililima ndani ya mji zinamoishi. Karibu thuluthi nzima ya watu wa mjini walikuwa wakifanya kitu ambacho ramani haikukitambua, na wengi wao walikuwa wanawake waliokuwa wakilisha nyumba zao, wala si kuuza.

Hapa lazima niseme ukweli usiopendeza. Kijani cha Kabiro hakikumalizwa na Thornton White wala na kanjo. Kilimalizwa na hesabu ya mwenye ploti. Magunia machache ya mahindi kwa msimu hayawezi kushindana na safu ya vyumba vya mabati vinavyolipa kila mwezi, na mabati nayo hayawezi kushindana na ghorofa la mawe lenye mpangaji kila mlango. Ardhi ikagawiwa watoto, watoto wakajenga. Ndiyo maana nausoma upya ule msisitizo wa Howard juu ya umiliki, sehemu ambayo wachora bustani hupenda kuiruka. Ardhi ikiwa ya mtu mmoja mmoja na bei inapanda, sukuma wiki itafukuzwa na chumba cha kupangisha hata kama sheria inaipenda.

Kwa hiyo wakulima walipanda juu. Baada ya ghasia za uchaguzi, mwaka 2008, chakula kilipopanda bei na njia za kukileta Kibera kufungwa, shirika la Kifaransa la Solidarités lilisambaza miche na kufundisha kilimo cha gunia. Teknolojia yenyewe haina siri. Unachukua gunia tupu, unasimamisha katikati mkebe usio na kitako, unaujaza kokoto, pembeni yake unatia udongo uliochanganywa na samadi. Kisha unauvuta mkebe juu, unaujaza tena kokoto, unaongeza udongo, mpaka gunia lifike kiunoni. Nguzo ya mawe inayobaki ndani ndiyo mfereji: maji ukiyamwaga juu yanashuka hadi chini badala ya kuishia kwenye udongo wa juu. Unatoboa matundu ubavuni, kila tundu mche mmoja wa sukuma wiki au spinachi, na juu unapanda vitunguu. Miche zaidi ya 20 inasimama mahali ambapo pasingetosha kiti. Maji ni yale yaliyooshea mboga au vyombo.

Mwaka huohuo kikundi cha vijana wa Kibera kilisafisha jaa la taka na kulifanya shamba. Udongo ulipopimwa ulikutwa na zinki nyingi, wakapanda alizeti ili ziifyonze. Jambo hilo linafaa kukumbukwa, kwa sababu kilimo cha mtaani si shairi. Mboga iliyonyweshwa maji ya mtaro inaweza kumdhuru mlaji, na kuna mito hapa ambayo hakuna anayepaswa kuchota maji yake.

Majengo nayo yalianza kubadilika. Shirika la Umande Trust lilishirikiana na vikundi vya wakazi wa Kibera kujenga biosenta: chini ya ardhi kuba la kuhifadhi kinyesi, juu yake vyoo na mabafu, gesi inapanda kwenye jiko ambako watu hupika kwa kulipa, na orofani ukumbi wa mikutano. Mtaa uliokuwa ukisemwa duniani kote kwa vyoo vya kurushwa, yaani mifuko ya kinyesi iliyotupwa nje, ukawa na jengo linalopikia uchafu wake. Shirika la SHOFCO lilipitisha mabomba ya maji hewani, juu ya milingoti, ili yasipite kwenye mitaro na wala yasikatwe na wauza maji. Bomba lile juu ya mapaa ya mabati si kitu cha kupendeza machoni, lakini hakuna mchoro wa mji wa kesho niliouona wenye wazo la busara kuliko hilo.

Mtoni ndiko kazi ngumu ilikofanyika. Motoine unatoka upande wa Dagoretti, unapita Kibera na kumwaga maji yake katika bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953. Watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga pale. Baadaye gugu maji likalifunika. Taasisi ya Kounkuey Design Initiative, iliyoanzishwa mwaka 2006 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, ilikaa chini na vikundi vya wakazi wa kingo hizo na kuuliza kwanza nini kinawauma, kisha ikajenga nao. Kingo zilizuiwa kwa mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za waya, mifereji ikachimbwa, pakajengwa ukumbi, uwanja wa watoto, mahali pa kufulia na vitu vya kuingizia kikundi pesa ili kituo kisife wafadhili wakiondoka. Eneo la kwanza lilifuatwa na mengine, na wenyeji ndio wanaoyasimamia.

Linganisha na namna serikali inavyofika mtoni. Julai 2018 matingatinga yalipita Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, maelfu wakabaki nje. Mvua za 2024 zilipoua watu Nairobi, amri ikatoka kwamba wote walio ndani ya mita 30 za mto waondoke, na nyumba zikabomolewa. Mto unahitaji nafasi yake, hilo halina ubishi. Maji ya Aprili yalilisema vizuri kuliko mwanamazingira yeyote. Lakini kingo zikishasafishwa, nani atazikalia? Kama ni nyasi na benchi na bango la usikanyage, basi tumerudi kwa Simpson.

Picha za miji ya kesho tunazoonyeshwa siku hizi, za mji mpya wa Konza na nyinginezo, zina minara iliyovikwa mimea kama ile ya Milan iliyokamilika mwaka 2014. Watu ndani yake wanatembea, wanakunywa kahawa, wanaendesha baiskeli. Hakuna anayepalilia. Mkenya mwenzetu Wanuri Kahiu, katika filamu yake fupi Pumzi ya mwaka 2009, aliwaza kinyume: Afrika Mashariki iliyokauka, watu wamejifungia ndani, na mwanamke anayetoka na mche mmoja na maji machache. Ni filamu ya huzuni, ila angalau kuna mtu anayepanda.

Kisheria, mambo si mabaya. Tangu 2015 kaunti ya Nairobi ina sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Kile ambacho kanjo walikifyeka sasa kina ofisi yake. Mpango mkuu unaotumika leo unafika kikomo mwaka 2030, na mwingine utaanza kuchorwa kabla ya hapo. Safari hii Kabiro itakuwemo. Haina tena ekari za kutengwa, ila ina mapaa ya zege, ghorofa baada ya ghorofa, yenye jua la kutwa, matangi ya maji na kamba za nguo. Magunia yangekaa pale vizuri. Kikwazo ni kwamba kwenye majengo mengi ufunguo wa mlango wa paa anao keateka, na keateka hafungui mpaka landlodi aseme.