Wazazi Walivyofunguliwa Mlango wa Wodi

Hadi katikati ya karne ya 20, mzazi wa Uingereza ambaye mtoto wake alilazwa ghafla aliishia mlangoni mwa wodi. Utafiti mdogo wa 1949 kuhusu hospitali za London unaonyesha ukali wa utaratibu huo. Guy's iliwapokea wazazi Jumapili tu, saa 8 mchana hadi saa 10 jioni. St Thomas's haikuwaruhusu kumtembelea mtoto mwezi wa kwanza. Waliweza kumtazama akiwa amelala, kati ya saa 1 na saa 2 usiku. Kwa Mwafrika Mashariki, aliyezoea kuona mama akilala na mwanawe kitanda kimoja wodini, huenda katazo hilo lisimwingie akilini.

Halikuwekwa kwa ukatili. Kabla ya dawa za kuua bakteria, dondakoo iliweza kuenea wodi nzima, na kila mgeni alishukiwa kuleta ugonjwa. Sababu ya pili ilikuwa dhaifu zaidi: watoto walilia wazazi walipoondoka, kisha wakanyamaza siku zilivyopita, na wauguzi wakaamini wamezoea.

Wapo waliokataa mapema. Daktari James Spence wa Newcastle alianza kuwalaza akina mama pamoja na watoto wao katika miaka ya 1920. Nchini New Zealand, madaktari wa upasuaji Henry na Cecily Pickerill walimwachia kila mama amhudumie mwanawe, na maambukizi yakapungua. Hoja kubwa ya katazo ilibomolewa hapo, lakini hospitali nyingi hazikubadilika.

Aliyezitikisa ni James Robertson wa Kliniki ya Tavistock, London. Mwaka 1952 alipiga filamu ya msichana wa miaka 2 na miezi 5 aliyelazwa siku 8 kwa upasuaji wa henia ya kitovu. Alirekodi kila siku kwa saa zilezile, saa ya ukutani ikionekana, ili asituhumiwe kuchagua vipande vya kilio. Mtoto hakulia sana. Alizidi kujifungia moyoni, na mama yake alipokuja alimgeuzia uso. Filamu ilipoonyeshwa mbele ya madaktari mwaka huohuo, wengi walikasirika na kudai fani yao imechafuliwa.

Serikali iliunda kamati chini ya Harry Platt, na ripoti yake ya 1959 ilipendekeza wazazi waruhusiwe wakati wowote, na mama wa mtoto mdogo alazwe naye. Ripoti haikuwa sheria, na hospitali nyingi ziliipuuza. Mwaka 1961 akina mama wa Battersea, London, waliunda chama cha kuzibana moja baada ya nyingine. Bila wao, pengine ripoti hiyo ingeozea kabatini.

Wazazi waliotoka mbali walibaki na tatizo la malazi. Huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1974, daktari Audrey Evans, kwa msaada wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Eagles na mauzo ya migahawa ya McDonald's, alifungua nyumba ya kwanza ya Ronald McDonald, ambako wazazi wa watoto wenye saratani walilala karibu na hospitali.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa chumba cha dharura. Hospitali ya Foote, jimboni Michigan, ilianza mwaka 1982 kuwaruhusu ndugu kuwepo wahudumu wakijaribu kuuamsha moyo wa mgonjwa wao uliosimama. Miongozo ya kimataifa ya 2000 kuhusu kuamsha moyo ilishauri ndugu wapewe nafasi hiyo, na mhudumu mmoja asimame nao kuwaeleza kinachofanyika.