Mota inayonguruma bila kuzunguka: kisa cha fezi iliyokosekana

Leo tarakilishi zitupishe kidogo tuzungumze kuhusu mota. Kuna swali ambalo maseremala huniuliza kila nikipita kwenye vibanda vyao: kwa nini mota ya mashine ya kukereza inanguruma tu bila kuzunguka, halafu ukiisukuma kidogo inaondoka kama haikuwa na neno? Jibu fupi ni kwamba kapasita imekufa. Jibu refu linapitia Misri, Paris na Torino, na mimi nalipenda zaidi, kwa sababu ukilielewa huna haja ya kukariri orodha ya hitilafu.

Tuanze na kukereza kwenyewe. Picha ya zamani kabisa ya kerezo inayojulikana imechongwa katika kaburi la kuhani Petosiris huko Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Mtu mmoja anavuta kamba iliyozungushwa kwenye mashine, mwingine ameshika kifaa cha kukatia. Kamba ikivutwa huku, mti unazunguka mbele. Ikivutwa kule, mti unarudi nyuma. Yaani patasi inakula mti nusu ya muda tu, nusu nyingine mkereza anangoja. Kerezo la upinde ni hivyo hivyo. Baadaye sana ndipo pedali ya mguu na gurudumu zito vilipoondoa hasara hiyo: mguu unakwenda juu na chini, gurudumu linakwenda upande mmoja bila kukoma.

Lakini pedali ina tabia yake. Muulize fundi wa nguo mwenye cherehani ya miguu. Kabla ya kukanyaga hugusa gurudumu kwa mkono na kulisukuma upande anaoutaka. Asipofanya hivyo cherehani huenda isiondoke, au iondoke kinyumenyume na kuvuruga uzi. Mguu unajua juu na chini tu. Haujui upande wa kuzungukia. Gurudumu likishaanza, basi, mguu unatosha. Shikeni mfano huu, tutauhitaji.

Mwaka 1824 Mfaransa François Arago aligundua jambo la ajabu: ukizungusha sahani ya shaba chini ya sindano ya dira, sindano inaifuata sahani, ingawa shaba si kitu cha kuvutwa na sumaku. Mwaka uliofuata Waingereza wawili waligeuza jaribio hilo. Walizungusha sumaku, na sahani ya shaba ikaifuata. Mmoja alikuwa John Herschel, mwingine Charles Babbage. Ndiyo, Babbage yule yule wa mashine za kukokotoa! Maelezo ya kwa nini yalipatikana kwa Michael Faraday mwaka 1831: sumaku inayopita karibu na shaba inazalisha umeme ndani ya shaba, na umeme huo nao una sumaku yake.

Sasa kama shaba inafuata sumaku inayozunguka, nani ataizungusha sumaku? Mwaka 1879, huko London, Walter Baily alionyesha kwamba si lazima kitu kizito kizunguke. Alipanga sumaku nne za umeme na kuzibadilisha kwa zamu kwa swichi ya mkono. Sumaku zilikaa palepale, nguvu yake ikazunguka, na sahani ikaifuata nguvu hiyo.

Kilichobaki ni kuuondoa mkono wa Baily. Mwaka 1885 Galileo Ferraris wa Torino alitumia mikondo geu miwili isiyokwenda sambamba, mmoja ukichelewa kidogo nyuma ya mwenzake, na nguvu ya sumaku ikazunguka yenyewe. Alitangaza kazi yake Machi 1888. Nikola Tesla naye, kwa njia yake mwenyewe, alipewa hataza zake Marekani tarehe 1 Mei mwaka huohuo. Watu bado wanabishana nani wa kwanza. Kwangu kinachovutia zaidi ni kwamba hesabu za Ferraris zilimwonyesha kuwa mota hiyo haiwezi kutoa zaidi ya nusu ya nishati inayopewa, akaona haina faida ya kibiashara. Mwaka 1889 Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, mhandisi wa AEG Ujerumani, alitengeneza mota ya fezi tatu yenye rota ya kizimba, na hadi leo mota za viwandani ni watoto wa ile.

Wote hao walihitaji angalau mikondo miwili isiyo sambamba. Sasa tazama waya zinazoingia nyumbani kwako au kwenye kibanda cha seremala. Ni fezi moja na nyutro, kwa sababu ndiyo laini ya bei nafuu kuvuta. Fezi ya pili ya Ferraris haipo. Nguvu ya sumaku ndani ya mota inakwenda huku na kurudi, mara 50 kwa sekunde hapa Kenya, kama mguu wa fundi wa cherehani. Rota iliyosimama haijui izungukie wapi, kwa hiyo inatetemeka palepale. Huo ndio mngurumo unaousikia.

Dawa iliyopatikana ni kughushi fezi ya pili. Ndani ya mota kuna koili kuu, na pembeni yake koili ya kuanzishia. Kapasita inawekwa njiani kwenye koili hii ya pili ili mkondo wake usiende sambamba na ule mkuu. Mota ikikaribia robo tatu ya kasi yake, swichi yenye springi na vizito vidogo inatupwa nje na mzunguko na kuikata koili ya kuanzishia. Ule mlio wa "tak!" unaousikia ukizima mashine ni swichi hiyo inarudi mahali pake. Mkono wa fundi kwenye gurudumu la cherehani umewekwa ndani ya mota, ukisukuma na kuachia.

Hapo ndipo historia inapoanza kuokoa pesa. Kuna karakana moja hapa Nairobi ambako mota ililala siku tatu. Mzee mwenye mashine alikuwa ameambiwa kwamba koili zimeungua na lazima mota irewaindiwe, yaani waya wote ung'olewe na kufungwa mpya. Vijana wawili wanaolipwa kwa kila mguu wa kitanda wanaokereza walikuwa wamekaa tu juu ya mbao, na mteja anapiga simu.

"Mzee, kulikuwa na harufu ya kuungua?"

"Hapana, kijana wangu. Inalia tu."

Tulitoa mkanda, tukazungusha rota kwa mkono stima ikiwa imezimwa. Ilizunguka laini, kwa hiyo beringi si tatizo. Kisha tukazungushia uzi kwenye puli, mzee akawasha, nikavuta. Ikaondoka. Tukazima, tukazungushia uzi kinyume, nikavuta tena. Ikaondoka upande wa pili! Mota yenye koili kuu iliyokufa haifanyi hivyo. Koili kuu ilikuwa nzima, na hitilafu ilikuwa kwenye ule mkono wa kughushi: kapasita, swichi au koili ndogo. (Ukijaribu, toa kwanza mti na chochote kinachoshikilia mti, tumia uzi na si vidole, na usiiache ikinguruma zaidi ya sekunde chache. Mota iliyosimama hunyonya mkondo mara kadhaa zaidi ya kawaida, na hapo koili zitaungua kweli.)

Tulichomoa plagi, tukaimaliza kapasita chaji yake kupitia balbu, tukaipima kwa mita ya mshale. Kapasita nzima hurusha mshale kisha mshale unarudi polepole. Huu haukutikisika. Koili ndogo ilipimwa na kuonyesha ukinzani, kumaanisha waya haujakatika.

Mzee alitaka kumtuma kijana dukani papo hapo. Nikamwomba tufungue kifuniko cha nyuma kwanza. Swichi ilikuwa imegandishwa na unga wa mbao na utomvu, haiwezi kuachia. Kapasita za kuanzishia zimetengenezwa kufanya kazi sekunde chache tu, na hii ilikuwa ikilazimishwa kubaki kazini mota inapozunguka. Tungeweka mpya peke yake, ingekufa pia. Tulisafisha swichi, tukasugua ncha zake, kijana akaleta kapasita yenye mikrofaradi zilezile na volti zisizopungua za ile ya zamani. Alasiri hiyo miguu ya vitanda ikaendelea. Fundi wa kurewaindi simlaumu sana, maana hiyo ndiyo kazi anayoijua.

Dalili nyingine nazo zinasomeka kwa njia hiyohiyo. Mota iliyo kimya kabisa, bila hata mngurumo, haipati stima: tazama plagi, swichi ya ukutani, kikata joto. Inayoondoka vizuri lakini inapata moto upesi na husikii ile "tak!" ukiizima, swichi yake imeganda imefunga.

Siku hizi baadhi ya makerezo mapya yanakuja na mota ya fezi tatu na kisanduku cha invata. Kisanduku kinachukua fezi moja ya ukutani, kinaigeuza kuwa mkondo mnyoofu, halafu transista zinaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde hadi zitoke fezi tatu. Walichokipata Ferraris na Dolivo-Dobrovolsky kwa shaba na chuma sasa ni programu ndani ya chipu, na unaweza kubadilisha kasi kwa kuzungusha kitufe. Mimi kama mwandishi wa programu nafurahi, ila vijana wa karakana hawafurahi kila mara: ikikosea haingurumi, inaandika herufi na namba kwenye kioo kidogo, na kitabu cha maelezo kilipotea zamani. Na ukikifungua kisanduku hicho utakutana na kapasita zilezile, kubwa zaidi, zinazochukia joto na vumbi la mbao kama zamani. Zinabaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo subiri dakika kadhaa, kisha upime kwa mita kabla ya kugusa chochote.