Nyumba ya Mawe ya Lamu na Ukarabati Wake

Tazama darini kwanza. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti: mti wa mkoko hauvuki zaidi ya takriban mita tatu, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Boriti kama hizi zilisafirishwa kwa majahazi hadi Ghuba, na huko nako vyumba vya kale vina wembamba huohuo.

Kuta ni za matumbawe. Jiwe gumu lilichimbwa nchi kavu. Kwa nakshi na zidaka, mlimopangwa sahani za kaure kutoka Uchina, mafundi walichonga tumbawe laini la baharini lingali bichi. Matumbawe yaliyochomwa ndiyo yaliyotoa chokaa.

Saruji ndiyo inayoziponza nyumba hizi. Hukauka upesi na huonekana imara, lakini ukuta wa matumbawe hufyonza unyevu wa ardhini na kuutoa kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi hujikusanya, plasta huvimba na kubanduka, wakati mwingine pamoja na jiwe lenyewe. Vigae vya kisasa vilivyobandikwa hadi kiunoni huupandisha unyevu juu zaidi.

Ukarabati mzuri huenda polepole: saruji hubanduliwa, ukuta huachwa ukauke, kisha chokaa hupigwa tabaka kwa tabaka. Boriti iliyooza ncha hubadilishwa peke yake. Dari nzima haivunjwi.