Kinjeketile Darasani: Tamthilia Iliyopewa Jibu Moja

Katika shule ya sekondari ya Afrika Mashariki tamthilia huishi maisha mawili yasiyosalimiana. Jioni, kwenye chama cha drama, huigizwa na kubishaniwa, na mara nyingine hupigwa marufuku. Asubuhi, katika kipindi cha Kiswahili, husomwa kwa zamu ukurasa baada ya ukurasa, kisha wanafunzi huandikishwa notisi: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi, msimamo wa mwandishi. Mgawanyo huu haukuwako tangu mwanzo. Ulijengeka polepole, na historia yake inaonyesha kwamba kilichopotea njiani ni zaidi ya burudani. Imepotea sehemu ya maana ya kazi zenyewe tunazozisifu kuwa bora. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba tamthilia hufundishika pale tu mwanafunzi anapolazimika kuamua mhusika anasemaje, anamtazama nani, na kwa nini ananyamaza. Shule zetu ziliwahi kulijua jambo hili. Shahidi wangu mkuu ni *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa na Oxford University Press mwaka 1969, ambayo vizazi vya wanafunzi vimeisoma na ambayo, kwa maoni yangu, imefundishwa vibaya kuliko inavyostahili.

Kabla ya *Kinjeketile* kulikuwa na majukwaa ya shule. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Shule ya Alliance huko Kikuyu, Kenya, ambayo chini ya mwalimu mkuu Carey Francis iliigiza mchezo mmoja wa Shakespeare kila mwaka. Ngugi wa Thiong'o, aliyesoma hapo kuanzia mwaka 1955 hadi 1958, ameandika kwamba aliona *As You Like It*, *Henry IV*, *King Lear* na *A Midsummer Night's Dream* zikifuatana. Yeye mwenyewe baadaye aliyahesabu maonyesho hayo kuwa sehemu ya utamaduni wa mkoloni, na ni vigumu kumpinga: yalifanyika nchi ikiwa katika hali ya hatari, wakati maelfu ya Wakikuyu walikuwa wamefungiwa kambini. Lakini kuna jambo la pili ambalo Ngugi pia amelitaja. Katika shule hiyohiyo wanafunzi walianza kutunga michezo yao kwa Kiswahili. Henry Kuria aliandika *Nakupenda, Lakini...*, iliyochapishwa mwaka 1957, na wenzake kama Kimani Nyoike na Gerishon Ngugi wakatoa kazi zao. Michezo hiyo ilihusu mapenzi, fedha na maisha ya vijana wa mjini, na ni miongoni mwa tamthilia za mwanzo kabisa za Kiswahili kuchapishwa. Vijana hawa hawakuwa wamefundishwa kuorodhesha dhamira za Shakespeare. Walikuwa wamepanda jukwaani, wakajua kwa miili yao jinsi tukio linavyojengwa na jinsi mhusika anavyoingia na kutoka, kisha wakaichukua kazi hiyo na kuifanya yao. Mkoloni alikusudia waige. Jukwaa likawafundisha kutunga.

Upande wa Tanganyika hatua nyingine ilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1963 Julius Nyerere, akiwa tayari Rais, alichapisha tafsiri yake ya *Julius Caesar*, akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*, pamoja na *Mabepari wa Venisi* mwaka huohuo. Samuel Mushi naye akatafsiri *Makbeth* na *Tufani*. Kwa tafsiri hizi Kiswahili kilithibitisha kwamba kinaweza kubeba hotuba ya mazishi ya Antonio na hukumu ya Shailoki bila kulemewa. Kati ya matoleo mawili ya Nyerere likaja Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea, yote ya mwaka 1967, na shule zikaagizwa kumlea Mtanzania anayefikiri na kujiamini, badala ya karani wa serikali ya kigeni. Wakati huohuo wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakikusanya masimulizi ya wazee walioshuhudia Vita vya Maji Maji. Hussein, mzaliwa wa Kilwa, yaani wa ukanda uleule ambako vita vilianzia, aliandika katikati ya joto hilo.

Historia yenyewe inajulikana. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji yaliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, na imani hiyo ikayaunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana pamoja. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa na watawala wa Kijerumani kuilima. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjeketile, lakini vita viliendelea hadi mwaka 1907, na Wajerumani wakavimaliza kwa kuchoma mazao na vijiji. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 na kufikia 300,000, wengi wao kwa njaa. Hussein angeweza kuandika mchezo wa kumsifu shujaa, na mwaka 1969 angeshangiliwa. Hakufanya hivyo. Katika utangulizi aliouandikia tafsiri yake ya Kiingereza alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu, si picha ya mtu yule wa historia.

Kiumbe huyo amejaa shaka. Anapopandisha pepo Hongo anatoa ujumbe wa maji na umoja, lakini ndani yake mna ahadi kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Anapozinduka na kuambiwa aliyoyatamka, anashtuka: je, tumfukuze bwana mmoja ili tumkaribishe mwingine? Ni Hongo aliyesema, au ni yeye? Kuanzia hapo anajaribu kuvichelewesha vita ambavyo neno lake mwenyewe limevizaa, na haiwezekani tena. Mwishoni, gerezani, Kitunda, kiongozi wa wapiganaji na mtu aliyeamini mazoezi kuliko maji, anamsihi akubali kusema kwamba maji yalikuwa uongo. Kinjeketile, ambaye amekuwa na mashaka na maji yale kuliko mtu yeyote, anakataa. Anahofia kwamba akikana, mtawala atawaambia watoto wa kesho kuwa babu zao walikosea kupigania haki yao.

Tukitazame kipande hicho kwa makini, kwa sababu kesi yote imo humo. Mwanafunzi atakayemwigiza Kinjeketile ni lazima aamue: anakataa kwa sauti ya mtu aliyepata uhakika, au ya mtu anayelinda uongo kwa sababu una manufaa? Anamtazama Kitunda machoni au anamwepuka? Na anayemwigiza Kitunda ni mwoga anayetaka kuokoa roho yake, au ndiye pekee anayesema kweli mbele ya maiti za watu aliowaongoza? Kitabu hakimpi jibu. Kundi la kwanza la wanafunzi likichagua hivi na la pili likichagua vile, darasa litakuwa na mjadala wa kweli kuhusu uongo na ukombozi, na kila upande utalazimika kurudi kwenye maneno ya Hussein kutafuta ushahidi. Darasa linaloandikishwa kwamba dhamira ni "umuhimu wa umoja katika ukombozi" na kwamba Kinjeketile ni "shujaa, jasiri, mzalendo" limepewa jibu moja kwa swali ambalo mwandishi aliliacha wazi kwa makusudi.

Jibu hilo moja lilizaliwa na namna ya kutahini. Katika mtihani wa taifa wa Kenya mtahiniwa wa kidato cha nne hupewa dondoo, kisha huulizwa muktadha wake kwa alama nne: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Nchini Tanzania huambiwa achague vitabu viwili na kutoa hoja tatu kutoka kila kimoja. Maswali haya yanasahihishika kwa haraka, na soko la miongozo limejipanga kuyajibu. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri kwa tamthilia ambayo hajaisoma, sembuse kuiona.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja nzito, na si haki kuzipuuza. Wanasema kwamba mtihani wa pamoja ndio unaompa mtoto wa shule ya kata nafasi sawa na wa shule yenye ukumbi na mavazi ya kuigizia, na kwamba mwalimu mwenye darasa la wanafunzi themanini hawezi kuendesha mazoezi ya jukwaa. Hoja ya usawa ni ya kweli, lakini inaangukia upande wa pili. Mwongozo hununuliwa, na mwenye fedha huununua kwanza. Tukio la gerezani linahitaji vijana wawili na nafasi mbele ya ubao. Haliombi taa wala pazia. Katika darasa la themanini wawili wataigiza na waliobaki watakuwa wasikilizaji wenye kazi ya kusema walichokiona na kukithibitisha kwa kitabu. Vipindi viwili kwa muhula vinatosha kwa kazi hiyo, na havizidi muda unaotumika kunakili notisi.

Pingamizi la pili ni la kisiasa, nami naliona kuwa zito zaidi. Wapo wanaohofia kwamba vijana wakiachiwa Kinjeketile mwenye shaka watahitimisha kuwa wapiganaji wa Maji Maji walikuwa wajinga waliodanganywa. Hofu hii inatokana na mapenzi kwa waliokufa, na inastahili heshima. Ila inamchanganya Kinjeketile wa Ngarambe na yule wa Hussein, jambo ambalo mwandishi mwenyewe alilikataza. Tena inawadharau wapiganaji bila kukusudia. Mtu anayeamini kabisa kwamba risasi itageuka maji hana haja ya ujasiri mkubwa. Mtu anayeona wenzake wakianguka na bado akaendelea, vita vikadumu karibu miaka miwili baada ya mtoa maji kunyongwa, huyo ndiye anayehitaji kuelezwa, na ni shaka ya tamthilia inayotupa njia ya kumwelewa.

Kwamba mchezo wa kuigiza bado una uhai, watawala wenyewe wanatushuhudia. Tamasha la drama la shule za Kenya limekuwako tangu mwaka 1959. Mwaka 2013 mchezo wa shule ya wasichana ya Butere ulizuiwa kwenda ngazi ya taifa hadi mahakama ilipoamuru uruhusiwe. Aprili 2025, huko Nakuru, wasichana wa shule hiyohiyo waliimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani bila kuigiza *Echoes of War*, huku polisi wakirusha gesi ya kutoa machozi nje ya ukumbi. Hakuna serikali iliyowahi kutuma polisi kuzuia notisi za dhamira na ujumbe. Nguvu ya tamthilia inajulikana vema na wanaoiogopa. Inasikitisha kwamba kipindi cha Kiswahili, ambacho ndicho kinachowafikia wanafunzi wote badala ya wachache wa chama cha drama, kimeikubali tamthilia kwa sharti la kwamba isisimame.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa watunga mitihani kabla ya walimu, maana mwalimu hufundisha kinachotahiniwa. Wekeni swali moja tu, kila mwaka, linalomtaka mtahiniwa aeleze angeliigizaje tukio fulani na kwa ushahidi gani wa kitabu. Mtahiniwa aliyekariri mwongozo hatalijibu. Aliyeisoma tamthilia atalijibu, awe wa Nairobi au wa Nandete. Swali hilo halihitaji mtaala mpya wala bajeti, na likianza kuonekana kwenye karatasi ya mtihani, walimu wetu watawasimamisha wanafunzi mbele ya darasa bila kuagizwa na mtu.