Kipeo na Kipeuo Katika Karagwe

Speke alipofika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, Novemba 1861, wafanyabiashara wa pwani walikwisha kutangulia, wakitafuta pembe za ndovu. Wenyeji wao walihesabu kwa makumi: ikumi, kisha igana, yaani kumi mara kumi. Hicho ndicho kipeo cha pili, japo hakikuandikwa kwa tarakimu ndogo juu ya 10.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini. Hisabati ikapata kipeo, na kinyume chake, kipeuo; herufi moja tu huvitenga, nayo imewaponza wengi. Kipeo cha pili cha 3 ni 9. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3.

Lakini mtoto wa Karagwe, au wa Kyerwa iliyomegwa humo mwaka 2012, aliyelelewa kwa Kinyambo na kufunzwa kwa Kiswahili, akiingia sekondari hukuta yaleyale kwa Kiingereza. Aulizwapo 2³ × 2⁴, huandika 2¹², kwa kuzidisha vipeo badala ya kuvijumlisha. Angeambiwa kwa lugha aijuayo ahesabu zile 2 zote zilizozidishwa, angezikuta saba.